Mlango wa Mbebe na Mikarafuu Yetu



Wengi wenu mkiulizwa Mbebe iko wapi mtatazamana, wala si ajabu. Mbebe ni kata ya Wilaya ya Ileje, Mkoa wa Songwe, huko kusini-magharibi ya Tanzania Bara, upande wa Malawi, na wala si mbali na Tunduma ambako malori hupanga foleni kuingia Zambia. Karafuu haimei huko. Watu wa Ileje hulima mahindi, maharage, ndizi na kahawa, na msimu wetu wa kuchuma hauwahusu hata kidogo. Kwa nini basi jarida la wakulima wa karafuu litumie ukurasa wake wa maoni kuitaja Mbebe?

Twaitaja kwa kuwa adui wa mimea ajaye kwa nchi kavu upande wa kusini hupitia mashamba kama yale, na mtu wa kwanza kumwona si waziri wala mtaalamu. Ni mkulima aliyeinamia mhindi wake asubuhi akaona jani limetobolewa asivyopata kuona. Mtu huyo akinyamaza, au akisema na asiwepo wa kumsikia, basi sisi wa visiwani tumekwisha kuchelewa bila kujua. Chakula chetu chatoka Bara kwa majahazi na meli kila wiki, nacho huja na kila kilichomo.

Tuanze na kiwavijeshi vamizi. Mdudu huyu asili yake ni bara la Amerika. Mwanzo wa mwaka 1016 wa mbali hatusemi. Twasema juzi tu, mwaka 2016, ndipo alipoonekana Afrika ya Magharibi, Nigeria na jirani zake. Mwisho wa mwaka huo alikuwa amekwisha kuingia Zambia. Mapema mwaka 2017 khabari zake zikatoka Rukwa, mkoa unaopakana na Songwe, na haukupita muda mrefu nchi zaidi ya 40 za Afrika zikawa naye. Nondo jike mmoja aweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 katika maisha yake, na akisaidiwa na upepo huenda mwendo wa kilomita 100 kwa usiku mmoja. Hasimami forodhani kuonyesha hati.

Hebu tuhesabu. Tangu alipoonekana Nigeria mpaka alipofika Rukwa ni kiasi cha mwaka mmoja. Mwaka mzima! Mtu akikwambia mwizi yuko mtaa wa tatu anakuja, nawe una mwaka wa kutengeneza komeo, utafanya nini? Lakini katika nchi nyingi za Afrika mkulima alikutana na kiwavi yule mikono mitupu, akamtilia majivu, mchanga, sabuni ya unga, na dawa yoyote aliyoikuta dukani hata kama ilikuwa ya mdudu mwingine. Kwa maoni yetu kilichokosekana hakikuwa elimu. Kilichokosekana ni mtu mwenye amri na fedha mkononi, ambaye kazi yake ni kumngoja mgeni kabla hajafika. Bajeti ya Serikali huanza Julai, na mdudu hajui Julai.

Wakulima, kwa upande wao, hawakosi kuona. Twaweza kulijua hilo kwa majina wanayowapa wadudu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 dumuzi mkubwa kutoka Amerika ya Kati alianza kuteketeza mahindi ya ghalani mkoani Tabora, na watu wakamwita Scania, jina la lori. Mwaka 2014 nondo wa nyanya kutoka Amerika ya Kusini alipoonekana upande wa Arusha, wakulima walimwita Kantangaze, yaani nenda ukanitangaze. Hakuna idara iliyotunga majina hayo. Yalitungwa shambani, na yalitembea haraka kuliko waraka wowote. Twapenda sana jina hili la Kantangaze, kwa kuwa ndani yake mna kazi nzima tunayoitaka Serikali iifanye: habari itangazwe, tena mapema, tena na yule aliyeathirika.

Wala wasituambie kuwa jambo hili haliwezekani, maana limefanyika, na limefanyika huko huko kusini-magharibi. Nzige wekundu waliivamia Afrika ya mashariki, ya kati na ya kusini tangu mwaka 1930 hadi 1944. Walipochunguza chanzo chao, wataalamu waligundua kwamba makundi yale hayatoki kila mahali. Hutoka katika mabonde machache yenye majani marefu na maji yanayojaa na kukauka, na moja katika hayo ni bonde la Ziwa Rukwa, ambalo leo ufuko wake mmoja uko Mkoa wa Songwe. Mwaka 1949 zikatiwa saini kule London hati za kuanzisha shirika la kulinda mabonde hayo, makao yake yakawekwa Abercorn, mji ambao sasa unaitwa Mbala, nchini Zambia. Shirika lililorithi kazi hiyo lipo mpaka sasa, na makao yake yako Ndola. Mwaka 2009 nzige wekundu walipoanza kujikusanya Iku na Katavi, hawakungojwa waruke. Walinyunyiziwa dawa iliyotengenezwa kwa ukungu unaoua nzige, eneo la hekta kama 10,000, na janga likazimwa pale pale.

Tazameni hekima ya mpango huo. Nchi ambazo hazina hata nzige mmoja kwao zilikubali kulipia ulinzi wa bonde lililo mbali, kwa kuwa zilijua bonde lile likiachwa, njaa itawafikia. Hawakusema kuwa Rukwa ni shauri la watu wa Rukwa. Sisi tuna haja ya fikira hiyo hiyo kwa viwavi, kwa inzi wa matunda, kwa mnyauko wa migomba, na kwa kila kisicho na jina bado.

Mfano wa pili ni mdogo zaidi, nao twaupenda zaidi. Nchini Tanzania tangu miaka mingi kuna mitego ya nondo wa kiwavijeshi wa kienyeji, inayotumia harufu ya jike kuwavuta madume. Zamani hesabu za mitego zilipelekwa Tengeru, Arusha, nako ndiko ulikotoka utabiri. Habari ikirudi kijijini, mara nyingine viwavi wamekwisha kula. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wilayani Kilosa, ulijaribiwa mpango mwingine: kijiji chenyewe kikapewa mtego na kipimo cha mvua, watu wawili wakafundishwa kuhesabu nondo na kusoma mvua, wao wenyewe wakatoa utabiri kwa wenzao. Hapana mashine kubwa. Mtego, chupa ya kupimia mvua, daftari, na watu wawili wanaoaminika na jirani zao.

Sasa tunauliza: Mbebe ina watu wawili hao? Kila kata inayogusa mpaka wa Malawi na Zambia ina watu hao, wenye mitego ya wadudu wageni na namba ya simu ambayo mtu wa upande wa pili lazima aijibu siku ile ile? Kama wapo, tunashukuru na tunaomba wajulikane na walipwe posho yao. Kama hawapo, basi hilo ndilo la kwanza kufanywa, kabla ya kununua gari jingine au kuita mkutano mwingine hotelini.

Tunduma kuna kituo cha pamoja cha mpakani, kilichofunguliwa mwaka 2019 na marais wa Tanzania na Zambia, ili lori likaguliwe mara moja badala ya mbili. Ni jambo jema. Lakini mkaguzi wa Tunduma huona kile kilicho juu ya lori na kilicho ndani ya karatasi. Haoni kikapu cha mbegu za viazi kinachovushwa kwa mguu kwenda kwa shemeji ng'ambo, wala mche wa mgomba aliopewa bibi arusi na mama yake. Mto Songwe, ambao ndio mpaka wetu na Malawi, huko nyanda za chini huhama njia yake mara kwa mara, hata shamba likajikuta limevuka mpaka na mwenyewe hakuinua mguu. Mpaka wa namna hiyo haulindwi kwa mwamba wa njiani tu. Hulindwa na wakaao hapo.

Wako wanaosema dawa ni kufunga mpaka. Hatukubaliani nao. Mwezi wa Aprili 2025 Serikali ilipiga marufuku mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika ya Kusini, kwa ajili ya mabishano ya biashara, na marufuku hiyo ikaondolewa muda mfupi baadaye. Haki ya nchi kujibu inapofungiwa soko hatuibishi. Tunalobisha ni kuyachanganya mambo mawili. Mlango ukifungwa leo kwa hasira ya biashara na kufunguliwa kesho kwa mapatano, siku utakapofungwa kwa ajili ya maradhi ya kweli nani atasadiki? Tena mpaka ukifungwa watu hawaachi kula wala kuoa. Hupita porini, na mzigo unaopita porini hauna mkaguzi. Heri mlango ulio wazi wenye mtu mwenye macho.

Tunakuja kwenye jambo lililo zito kuliko yote, nalo ni fidia. Mnyauko wa migomba uletwao na bakteria ulithibitishwa mkoani Kagera mwaka 2006, baada ya kuitesa Uganda tangu 2001. Tiba yake kwa mmea haipo. Shina lililougua hung'olewa, ua dume hukatwa kwa kijiti chenye panda na si kwa kisu, na panga lililogusa mgonjwa hupitishwa motoni au kusafishwa kwa dawa kabla ya kugusa mgomba mwingine. Maagizo hayo ni sahihi na yamewasaidia wengi. Lakini mwenye shamba anaambiwa ang'oe chakula cha watoto wake kwa faida ya kata nzima, na mara nyingi gharama ni yake peke yake, na asipong'oa huenda akatozwa faini kwa sheria ndogo. Je, mtu huyo akiona jani la kwanza limelegea atakwenda mbio kwa bwana shamba? Wengine watakwenda, Mungu awalipe. Wengine watalikata usiku na kunyamaza, na hatutawalaumu kwa ukali, kwa kuwa sheria ndiyo iliyowafundisha kunyamaza.

Twataka sheria igeuzwe kichwa chini miguu juu. Atakayekuwa wa kwanza kutoa habari ya mdudu au maradhi mageni asipate hasara hata ya senti moja. Mimea yake ikiharibiwa kwa amri ya Serikali, alipwe thamani yake ndani ya siku chache, si baada ya misimu miwili na barua kumi. Fedha hizo zitoke katika mfuko uliokwisha kutengwa, usioguswa kwa kazi nyingine. Atakayeficha, huyo ndiye afuatwe na faini. Twajua kuna watakaosema watu watadanganya ili walipwe. Basi bwana shamba yu wapi? Kazi yake si kwenda kutazama?

Kuna na habari ya sheria mbili. Kilimo si jambo la Muungano. Bara wana Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, iliyoanzisha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ambayo imeunganisha ile taasisi ya zamani ya utafiti wa dawa za wadudu ya Arusha na huduma za ukaguzi wa mimea. Zanzibar tuna sheria yetu ya kulinda mimea na wakaguzi wetu bandarini. Hatulalamikii kuwa na sheria mbili. Kisiwa kina haki ya kuwa na mlango wake, na bahari ni ukuta mzuri kuliko Mto Songwe. Tunalotaka ni kuwa habari ikipokewa Ileje asubuhi, mkaguzi wa Malindi, wa Mkoani na wa Wete aijue jioni. Asiisome gazetini baada ya mwezi. Inzi mgeni wa matunda aliyetoka Asia alipogunduliwa Kenya mwaka 2003 alionekana Tanzania mwaka huo huo, na mwenye mwembe yeyote kisiwani leo ajua embe ngapi huzitupa.

Hapa mwanachama mmoja atainuka aseme: sisi ni wakulima wa karafuu, tuacheni mahindi na ndizi. Ndugu yetu, chini ya mikarafuu yako mna nini? Mna mihogo, migomba na viazi. Bei ya karafuu ikiwa nzuri hununua mchele, ikiwa mbaya unakula muhogo. Lakini tuseme twende kwa karafuu peke yake.

Wazee wanakumbuka maradhi ya kufa ghafla. Mkarafuu mkubwa, uliokuwa ukizaa, majani yake yanageuka rangi na kupukutika, na baada ya muda mfupi unabaki mti mkavu. Maelfu ya mikarafuu ya Unguja na Pemba ilikufa namna hiyo kwa miongo ya miaka, na wenye mashamba walikuwa wakipanda tena na kuzika tena. Wataalamu walibishana sana. Kuna waliodhani ni kirusi. Mwaka 1953 ndipo Nutman na Roberts walipoandika jina la kuvu wa mizizi waliyemwona kuwa ndiye mwenye hatia, Valsa eugeniae. Habari ilikuja, lakini ilikuja baada ya msiba.

Na huko Indonesia, nchi ya asili ya karafuu, kuna maradhi mengine yaitwayo maradhi ya Sumatra. Ni bakteria akaaye katika mishipa ya maji ya mti, anayechukuliwa na wadudu wadogo wanyonyao utomvu, na mkarafuu mkubwa uliopatwa hufa katika muda wa miaka isiyozidi mitatu hivi. Yanajulikana Sumatra na Java. Kwetu hayajaonekana, na tunaomba yasionekane kamwe. Mkarafuu ulifika visiwa hivi mwanzoni mwa karne ya 19, ukipitia visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa mikononi mwa Wafaransa, na kwa bahati yetu adui huyu hakupanda chombo pamoja nao. Bahati ya namna hiyo haiji mara mbili. Siku hizi mtu hupanda ndege Jakarta akashuka Zanzibar kesho yake, na tumesikia maneno ya watu wanaotamani kuleta mche wa karafuu wa kigeni kwa kuwa eti unazaa mapema. Mche mmoja uliofichwa katika mkoba unatosha.

Hatupendi kuwatisha tu wanachama, kwa hiyo na tuseme pia juu ya ushindi. Miaka ya 1970 kidugamba wa muhogo kutoka Amerika ya Kusini aliingia Kongo na kuenea Afrika, mpaka akatufikia miaka ya 1980. Wataalamu walikwenda kumtafutia adui yake kwao, wakampata Paraguay mwaka 1981: nyigu mdogo mno atagaye mayai ndani ya mwili wa kidugamba. Nyigu yule akafugwa na kuachiliwa nchi baada ya nchi, na muhogo ukapona bila mkulima kununua chupa ya dawa. Bwana Hans Herren aliyeongoza kazi hiyo alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Na visiwa vyetu havikuwa nyuma katika elimu ya namna hii. Miaka ya 1950 mtaalamu mmoja, M. J. Way, alikaa hapa akiwachunguza majimoto, wale siafu wekundu wa mitini wanaomfanya mchumaji ashuke mkarafuu kwa kasi kuliko alivyopanda. Akaeleza kwamba majimoto huwalinda minazi dhidi ya mdudu anayeangusha vidaka, na papo hapo juu ya mkarafuu huwafuga wadudu gamba kama sisi tufugavyo ng'ombe. Rafiki juu ya mti mmoja, msumbufu juu ya mti wa pili. Elimu ya namna hii haipatikani kwa amri ya siku moja; yataka watu waliolipwa kukaa shambani miaka.

Kwa hiyo halmashauri ya chama imekusudia kupeleka barua kwa Wizara ya Kilimo ya Zanzibar, na nakala tutaomba ifikishwe Bara. Tutaomba walinzi wa vijiji wenye mitego katika kata za mpakani, Mbebe ikiwamo. Tutaomba mfuko wa dharura usiongoja Julai, na fidia kwa atoaye habari. Tutaomba habari ziwafikie wakaguzi wa bandari zetu siku ile ile. Na juu ya karafuu, tutaomba mche wowote kutoka ng'ambo usiingie isipokuwa kwa mkono wa watafiti wa Kizimbani, ukakae mahali pa kutengwa mpaka waridhike nao.

Wanachama wenye la kuongeza au la kupinga wamwandikie katibu kabla ya mkutano wa matawi. Na kila mwenye shamba ambaye ana mikarafuu iliyokufa mwaka huu pasipo sababu anayoijua, amweleze katibu wa tawi lake idadi ya miti, umri wake, na jina la shehia, ili orodha hiyo iende pamoja na barua.